Jumamosi Niliyomuua Farandi

Daktari wa koo amenikataza kupayuka, kunong'ona na kuigiza sauti za watu. Kazi yangu yote ilikuwa mambo hayo, kwa hiyo nimestaafu. Ninyi wadogo zangu mnaotafsiri filamu kwa kompyuta, kila mmoja chumbani kwake na vipokea sauti masikioni, mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifanya zamani pale Yeoville, mbele ya watu, papo kwa papo. Haya, naandika. Habari za malipo nitaziruka kwa kuwa haziwezi kujaza hata mstari mmoja. Nitaandika sana kuhusu woga, maana ndio uliokuwa mwenzangu kazini kuliko kitu kingine chochote, na kuhusu mwigizaji mmoja wa Hollywood niliyemkopesha sauti yangu kwa miaka mingi kuliko nilivyokaa na mume.

Nilifika Johannesburg kutoka Ujiji nikiwa fundi cherehani. Nilipata pembe ndani ya saluni ya Wakongo, jirani na Rockey Street, cherehani yangu ikiutazama ukuta wa mbao. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na chumba cha video cha Papa Kalonji, mzee wa Lubumbashi ambaye ujanani aliendesha mashine ya sinema katika misheni ya huko kwao. Alikuwa amenunua magunia ya kanda kutoka duka moja la Marshalltown lililokuwa likifungwa, na alipoyafungua alikuta karibu zote ni filamu za kale za Marekani, nyeusi na nyeupe, ambazo hakuna aliyezitaka. Mtu mwingine angelia. Yeye alitafuta televisheni ya kichogo, maikrofoni na mabenchi, akaanza kuzionyesha kila mwisho wa wiki huku akisema kwa Kiswahili kile Wazungu walichokuwa wakisema, au kile alichodhani wanasema. Wakongo walikuja, Warundi walikuja, Watanzania na Wakenya wachache wakaja, na mimi nikawa napunguza suruali za watu huku nikisikia filamu zile zile hadi nikazijua kwa masikio.

Siku moja Papa Kalonji aliamka hana sauti. Alizunguka hadi upande wangu, shali shingoni, akaegemea cherehani.

"Mama Rehema, leo sauti imekufa," aliniambia kwa mkwaruzo. "Batu banaisha kujaa. Kuya unisaidie, weye unajua zile filme zote."

"Mimi mwanamke, Papa. Yule ni mwanamume mwenye bastola."

"Batu banaangalia televizio. Habakuangalie weye."

Hilo halikuwa kweli. Waliniangalia wote. Maikrofoni ilikuwa imefungwa leso ili pumzi isivume, na leso ilinuka tumbaku. Farandi, yule mwenye bastola, akatokea kwenye televisheni, akasimama mlangoni mwa baa, akafungua mdomo, na kwa hofu nikasema kitu cha kwanza kilichonijia: "Habari za humu ndani." Chumba kizima kikajibu, "Nzuri." Nikaendelea. Sikumbuki kingine cha siku hiyo isipokuwa jasho lililonitiririka hadi kwenye viatu. Woga ule nilidhani utaisha nikizoea. Haukuisha. Hadi Jumamosi yangu ya mwisho nilikuwa nikienda chooni mara mbili kabla ya kushika maikrofoni, kwa hiyo ukiona mikono yako inatetemeka kabla ya kurekodi, usidhani umekosea kazi.

Jina lake kwenye kanda lilikuwa Ellis Farrand. Yeoville ilimwita Farandi na kumhesabu kama mtu wa mtaani. Alikuwa mrefu, taya ndefu, macho ya mtu aliyetoka kupokea habari mbaya, na katika filamu zote alikuwa mwanamume asiyeogopa kitu: askari, mfungwa, mjenzi wa madaraja, mkuu wa polisi wa mji wenye vumbi. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, naye alizungumza kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Papa Kalonji alinifundisha nisihangaike na maneno. Angalia mabega, aliniambia, mabega hupanda kabla mtu hajasema. Vuta pumzi pale anapovuta yeye, na yatakayotoka yatafanana. Nimewafundisha wengine hivyo hivyo na sijapata malalamiko, labda kwa sababu Farandi hajui Kiswahili.

Tatizo kubwa lilikuwa Kiswahili cha nani. Niliwahi kumpa jambazi mmoja lafudhi ya Bukavu, bila nia mbaya, nikaona benchi zima la nyuma linasimama na kutoka. Wiki iliyofuata nikampa ya Mombasa, na Mkenya mmoja akanisubiri nje anataka maelezo. Mwishowe majambazi wote walizungumza Kiswahili cha kitabuni, cha taarifa ya habari, ambacho hakuna mtu aliyekidai kuwa chake. Farandi ilibidi azunguke: wiki hii Kalemie, wiki ijayo Bujumbura, halafu Kigoma. Hakuna aliyeshangaa kwamba mtu huyo huyo anabadilika hivyo. Walishangaa tu pale zamu ya kwao ilipochelewa.

Mimi kama fundi nguo niliona kitu kingine. Mikono ya Farandi haikuonekana. Ilikuwa mfukoni, au nyuma ya kofia, au imeshika hatamu za farasi kwa nguvu. Na mifuko ya makoti yake ilishonwa juu kuliko kawaida, karibu na mbavu, ili mikono itulie ndani bila mabega kushuka. Pale kamera ilipokaribia kidole kwenye bastola, vidole vilikuwa vya mtu mwingine, vinene na vyenye vinyweleo. Nilimwuliza Papa Kalonji, naye akafunga mlango kabla ya kunijibu. Kule misheni, mapadri walikuwa wakipata magazeti ya filamu ya Kifaransa, na habari za Farandi alizisoma zote, za kwenye kioo na za nje yake. Alinieleza maisha ya mtu yule kutoka mwanzo hadi kifo. Mimi nilibaki nimeshika sindano bila kuitumia.

"Sasa unajua," alisema. "Lakini benye kukaa ku benchi, usibaambie. Kwetu steringi hafi."

Mnajua wenyewe uzito wa sheria hiyo. Mtu ameponea msituni, amevuka mipaka, amelala chini ya ukuta wa ofisi akisubiri karatasi, halafu aje Jumamosi amwone steringi anakufa? Kwa bahati mbaya Farandi alikuwa na tabia ya kufa. Kila alipokufa tulipunguza sauti tukasema amezirai. Kwenye ile ya gereza anazikwa kabisa, jeneza linaonekana, mke analia. Tulisema ni pacha wake. Papa Kalonji alipofariki na chumba kikabaki mikononi mwangu, niliendelea na pacha yule kwa heshima zote.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Déo, Mrundi, mlinzi wa jengo moja la Joubert Park. Alikuwa mrefu kama Farandi mwenyewe, na watu walimwita Farandi wa Bujumbura, jambo alilolipenda kuliko alivyokubali. Mke wake alikwishafariki. Alibaki na binti mmoja, Divine, aliyezaliwa hapa hapa. Déo alimsemesha Kiswahili, binti akamjibu kwa Kizulu, na hivyo ndivyo walivyoishi, kila mmoja akimwelewa mwenzake. Divine alikuwa na miaka kumi na minne wakati ninaouzungumzia, na Jumamosi alikwenda kusuka nywele katika saluni moja upande wa sokoni, baba yake akija kwangu. Alipita na baba yake mlangoni kwangu, ananipungia mkono, "Sharp, Mama," anaondoka.

Msidhani tulikuwa tukistarehe. Nje kulikuwa na maneno. Kila baada ya muda yalipanda: wageni watoke, wageni wamechukua kazi, wageni wamechukua hiki na kile. Nilizoea kutafsiri mapigano ya filamu huku sikio moja likiwa barabarani, likisikiliza kama kelele ya nje ni ya teksi au ya watu. Usiku sikuota Ujiji, niliota geti langu la nondo likisukumwa. Nilikuwa na ufunguo wa geti hilo kwenye kamba shingoni na nilikuwa nikiushika hata nikila.

Jumamosi ile mgao wa umeme ulitukuta katikati ya filamu. Chumba kikawa giza, ingawa nje ilikuwa mchana wa jua kali. Nilikuwa nikielekea kwenye jenereta nilipoitwa na MaKhumalo, mama wa Kizulu aliyechoma mahindi mbele ya saluni yetu. Hakuwa ameinuka kwenye kigoda chake. Alisema bila kunitazama, mdomo umeelekea kwenye mkaa:

"Vala, mama. Bayeza."

Funga, wanakuja. Sikuuliza nani. Niliwaingiza wasusi wa saluni, nikateremsha mlango wa bati, nikavuta geti, nikafunga kufuli. Ndani tulikuwa watu wengi kuliko mabenchi, na wanawake wawili wenye watoto wachanga. Jenereta sikuiwasha. Kwa mbali tukaanza kusikia wimbo, wanaume wengi, na kitu kama fimbo zinazogonga mabati ya maduka moja baada ya jingine.

Déo alisimama. Kwenye mwanga wa ufa wa mlango nilimwona anavaa koti lake la ulinzi.

"Mama Rehema, nipe ufunguo. Mutoto wangu yuko kule sokoni."

"Huko sokoni ndiko wanakotoka, Déo."

"Ndiyo maana ninaenda."

"Divine anasema Kizulu kama MaKhumalo. Atapita katikati yao hakuna atakayemtambua. Wewe ukifungua mdomo tu, wamekujua. Na geti likifunguka, wametujua wote."

Nilitegemea watu wangeniunga mkono. Walikuwa wakimtazama yeye, wote, kama walivyomtazama Farandi kila Jumamosi, wakisubiri. Msusi mmoja akanong'ona, "Farandi wa Bujumbura," na mwingine akamalizia, "Steringi hafi." Sidhani walitania. Nilimwona Déo ananyoosha mgongo kwa ajili ya macho yale, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu kubwa zaidi, kuliko ile ya nje. Mtu huyu angekwenda kuuawa mbele ya mlango wangu kwa sababu ya maneno niliyoyasema mimi kwenye maikrofoni miaka yote.

"Kaa kwanza," nilimwambia. "Nikusimulie Farandi alivyokufa. Ukimaliza kusikia, ufunguo huu hapa, chukua."

"Farandi hajafa," alisema mtu gizani.

"Alikufa zamani. Kaeni."

Nilinong'ona. Ile ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kusimulia kwa mnong'ono unaofika benchi la nyuma na usiopita bati. Niliwaambia kwamba alizaliwa katika mji wa machimbo ya makaa ya mawe, na kwamba akiwa kijana mdogo alishuka shimoni na baba yake, mwamba ukaporomoka, akatolewa yeye peke yake. Kuanzia siku hiyo mikono yake haikutulia. Alikimbilia Hollywood kwa sababu alisikia kuna jua mwaka mzima na hakuna mashimo. Akawa dereva wa lori linalobeba kuta za uongo za sinema. Siku moja walihitaji mtu mrefu wa kusimama karibu na farasi, akasimama, na uso wake ukapendwa. Wakambadilishia jina. Wakamng'oa meno mawili wakampa mengine. Wakawaambia watu kwamba ni mwana wa wafuga ng'ombe na hajui maana ya woga.

"Na mikono?" aliuliza Déo. Alikuwa bado amesimama, lakini aliuliza.

"Fundi nguo wake alimshonea mifuko ya juu ili aifiche. Kila asubuhi kabla ya kamera kuwaka alitapika, na fundi huyo ndiye aliyemshikia ndoo."

Mtoto mmoja alianza kulia, mama yake akampa titi. Nikaendelea. Alikunywa pombe asubuhi ili mikono itulie, mchana ili ulimi ukumbuke maneno, usiku ili alale. Wake zake wawili walimwacha. Walisema waliolewa na mwanamume wa kwenye filamu na nyumbani kila siku alikuja mwingine. Alipozidiwa, mabwana zake walimficha hospitali ya wagonjwa wa akili na kuwaambia waandishi kwamba amekwenda kuvua samaki. Alipotoka walimpa kuigiza askari jasiri zaidi, wafungwa wakaidi zaidi. Barabarani kina mama walimletea watoto awaguse wapate ujasiri. Aliwagusa haraka, akarudisha mkono mfukoni. Waliomlisha hawakutaka kusikia kwamba anaogopa, na waliomshangilia hawakutaka pia, basi hakumwambia mtu.

Hapo fimbo zilifika kwenye bati letu. Ziligonga mara kadhaa, bati likalia chumba kizima, na vumbi likatuangukia vichwani. Mwanamume mmoja nje aliuliza kitu. Tukamsikia MaKhumalo akijibu, kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa kazini, "Akunamuntu lapha." Hakuna mtu hapa. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Wimbo ukasogea mbele kidogo, kisha ukasimama karibu na roboti ya kona, zile taa za barabarani, haukuondoka.

Nilimalizia kwa sauti ndogo zaidi. Filamu yake ya mwisho waliipigia katika mji wa kando ya mto, mvua ikanyesha, mto ukapanda na kubeba nyumba. Watu wakakusanyika ukingoni. Farandi alitoka hotelini akiwa na nguo za filamu, nyota ya polisi ya bati kifuani, amekunywa. Mtu akasema kuna mwanamke ng'ambo, juu ya paa. Hakuna aliyemwambia aende. Walimtazama tu, wote. Na yeye hakujua kuogelea, aliogopa maji kama alivyoogopa mashimo, lakini angewaambiaje watu wale? Akaingia mtoni na buti zake.

"Akamuokoa?" aliuliza msusi.

"Mwanamke alikuwa ameshachukuliwa na mtumbwi. Yeye walimpata chini kabisa ya mto baada ya siku kadhaa. Kama angesema neno moja tu pale ukingoni, naogopa, angerudi hotelini akalala."

Déo alikaa. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akavua koti akaliweka magotini. Hakuniomba ufunguo. Nilisikia raha fupi sana, kama ya kutua mzigo kabla ya kugundua umeutua kwenye mguu wako.

Kwa maana mlango uligongwa. Haikuwa fimbo. Kilikuwa kidole, pole pole, chini ya bati, na sauti ya kike isiyozidi pumzi.

"Vula. Ngicela uvule."

Fungua, tafadhali fungua. Chumba kizima kikaganda. "Ni mutego," alinong'ona mwanamume wa Uvira. "Banatuma bibi ili tufungule." Mwingine akaniambia nikifungua atanikumbuka maisha yake yote, kama yatakuwepo. Mimi nilimtazama Déo. Alikuwa ameinua kichwa. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, na midomo yake ilisema jina bila sauti. Alimjua. Baba hawezi kuikosa sauti ile. Nikasubiri ainuke.

"Baba," ilisema sauti. "Yimi. Vula."

Hakuinuka. Mikono ilikuwa imelishika lile koti na miguu ilikuwa imekufa. Nilikuwa nimemtia woga wa kumkalisha chini, na woga haukujua kubagua hatari na mtoto wake mwenyewe. Watu nao walikuwa hivyo hivyo. Niliwasimulia vizuri mno. Nikabaki mimi, na mimi nilikuwa naogopa kuliko wote, maana nilikuwa na ufunguo na ukuta haukuwa nyuma yangu. Sikuwa na sauti ya Farandi ya kuvaa, nilikuwa nimeshamuua. Nilitembea kwa magoti, nikakosa tundu la kufuli, nikakosa tena, nikafungua. Nikapandisha bati kiasi cha kupitisha mbwa. Mkono mwembamba ukaingia, nikauvuta pamoja na mwenyewe, nikafunga.

Divine alikuwa amefungwa kitambaa kichwani ambacho hakikuwa chake. Alisimama katikati yetu akihema, akaanza kusema kwa Kizulu, chini chini, na aliyekielewa akawapa wengine. Alisema saluni ilivunjwa mlango. Alitokea nyuma, akakuta barabara imejaa wao, hapakuwa na njia nyingine ila kuingia katikati yao. Akatembea nao kutoka sokoni hadi kwetu. Mtu mmoja akampa kitambaa na kumwambia aimbe, akaimba nao. Aliimba wimbo wote, wa kutufukuza sisi, hadi alipoliona jiko la MaKhumalo.

Kisha akamwona baba yake sakafuni. Alimtazama, na swali lake halikuhitaji mkalimani: baba alikuwa amemsikia, kwa nini hakufungua?

Nilitamani Déo aseme uongo. Watu wangemsaidia, wangesema tulimshika, tulimkalia. Wote walikuwa wakimtazama kama mwanzo.

"Niliogopa, mwanangu," alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, ya kwanza ya kawaida tangu tufunge.

Binti alifungua kile kitambaa, akakitupa, akakaa karibu na baba yake bega kwa bega.

"Nami," alisema.

Tulikaa hivyo hadi MaKhumalo alipogonga kutuambia kona ni tupu. Saluni ya sokoni haikufunguliwa tena, na watu wawili wa mabenchi yangu sikuwaona tena. Waliondoka na mabasi ya wiki ile, kila mmoja na mfuko wake. Nilidhani chumba changu pia kimekwisha. Nani angekuja kumtazama mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba alitapika kwenye ndoo?

Lakini Jumamosi iliyofuata walikuja, wachache, wakakaa karibu karibu. Déo alikuja, na safari hii Divine hakuishia mlangoni. Niliweka ile ya daraja. Ni ile ambayo Farandi anafika katikati, daraja linawaka moto pande zote, majambazi wanamtazama na wanakijiji wanamtazama, naye anageuka kwenye kamera na kutoa hotuba ndefu ya ushujaa ambayo nilikuwa nimeitafsiri kwa lafudhi zote za ukanda wetu. Nilivuta pumzi alipovuta yeye. Mabega yake yakapanda, akafungua mdomo.

"Naogopa," nilimsemea.

Hakuna aliyecheka. Mdomo wake uliendelea kusogea, na mimi nilikuwa nimemaliza.